Uzee na Utani

Ndugu msomaji, kama babu yako au bibi yako yu hai, basi wewe unayo ruhusa ambayo baba yako hana. Unaweza kumtania. Unaweza kumwambia kwamba meno yake yamehama bila kuaga. Naye anaweza kukujibu kwamba afadhali meno yaliyohama kuliko akili ambayo haikuwahi kufika. Watu watacheka, na hakuna atakayeitwa barazani. Lakini baba yako akisema maneno hayo hayo mbele ya mzee huyo huyo, ni kosa kubwa. Mtoto humheshimu mzazi wake kwa kunyamaza. Mjukuu humheshimu babu yake kwa kumtania.

Huku kwetu Mara mila hii inajulikana sana. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu". Babu humwita mjukuu wa kike "mke wangu", na siku mchumba wa kweli anapokuja kuposa, babu hudai fidia ya kunyang'anywa mke.

Nataka kukueleza jinsi utani huu unavyoweza kumsaidia mzee anapougua. Sisemi kwamba utani ni dawa. Mtoto wa jicho hatoki kwa kicheko, wala presha haishuki kwa hadithi. Lakini ziko aibu na hofu zinazomzuia mzee asifike kwa daktari, na mimi nimeona aibu hizo zikifunguliwa na mjukuu mwenye mdomo.

Kazi yangu ni elimu ya watu wazima. Nina cheti, nina umri wa miaka 34, na nina pikipiki ya ofisi ambayo ni mzee kuliko wazee ninaotaka kukusimulia. Madarasa yangu yako upande wa Bunda. Nyumbani kwetu ni Butiama. Wanakisomo wangu wengi wamepita miaka 50, na wengine wana wajukuu wanaosoma sekondari.

Katika darasa moja yupo mama aliyekuwa akisoma vizuri kila neno nililoandika ubaoni. Lakini ukimpa kitabu, anakisukuma mbali mpaka mkono unakwisha. "Mwalimu," aliniambia, "macho yangu ni mazima. Mkono ndio mfupi." Tulicheka wote. Kisha tukajifunza sababu yake. Mtu akifika miaka 40 hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho huanza kuwa ngumu, na haiwezi tena kujirekebisha ili ione vitu vya karibu. Huo si ugonjwa, ni umri tu. Miwani ya kusomea inatosha. Mama yule alipata miwani, na sasa anasema mkono wake umerefuka.

Mzee mwingine hakuona ubao wala kitabu. Aliacha darasa akisema kwamba kichwa chake kimekuwa kigumu. Kichwa chake hakikuwa na kosa lo lote. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili.

Labda umepata kusikia kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili katika Tanzania walikusanyika kwa vikundi kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kuchimba vyoo. Walijifunza habari za malaria, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Yalikuwa maradhi ya kweli ya wakati ule, na bado hayajaisha. Lakini hesabu kidogo. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule, akichimba choo kwa jembe na sururu, leo amepita miaka 70. Choo anacho. Sasa anasumbuliwa na presha, kisukari, macho, magoti na mkojo. Hakuna aliyemkusanya mbele ya redio kumweleza hayo. Anayasikia kwa jirani, na jirani naye ameyasikia sokoni.

Nianze na mzee mmoja wa upande wa Bunda. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa nieleze habari zake, ila jina lake nilifiche, maana anasema bado anatafuta mke.

Mzee huyu alikuwa bingwa wa bao. Mchana kutwa alikaa chini ya mwembe akiwafunga vijana. Kisha akaanza kuondoka mchezoni kila mara. Anakwenda nyuma ya nyumba, anakaa sana, anarudi amenuna. Usiku aliamka mara nne, mara tano. Mkojo ulikuja kwa shida, ukakatika, ukadondoka matone. Hakumwambia mtu. Wanawe ni watu wazima wenye nyumba zao, lakini nani angethubutu kumwuliza baba mzazi habari za mkojo? Mzee akaacha bao. Akaacha kwenda kanisani, kwa sababu mahubiri yalikuwa marefu kuliko subira ya kibofu chake. Watu wakadhani ana ugomvi na mchungaji.

Mjukuu wake, kijana wa miaka ishirini hivi, ndiye aliyeuliza. Alimwambia, "Babu, nasikia siku hizi unalinda kijiji usiku kucha. Mgambo wanakulipa shilingi ngapi?"

Mzee akacheka, akajibu, "Mura, mimi silindi. Ninakwenda kukamua ng'ombe asiye na maziwa."

Siku hiyo ndipo habari ilipotoka. Kijana aliuliza tangu lini, mzee akasema tangu mavuno ya mwaka juzi. Wakapanga kwenda hospitali Jumatatu. Lakini Jumamosi usiku mkojo ulifunga kabisa. Tumbo la chini likavimba kama ngoma. Mzee aligaagaa, jasho likamtoka. Msomaji, jambo hili likitokea nyumbani kwako usingoje kuche, wala usimnyweshe mgonjwa maji mengi ukidhani yatasukuma. Ni jambo la haraka. Walimpakia kwenye bodaboda, mjukuu nyuma akimshikilia. Hospitalini wakampitishia mpira mwembamba mpaka kwenye kibofu, na mkojo ukatoka ukajaza mfuko. Mzee anasema katika maisha yake amefurahi kweli mara tatu: alipooa, alipopata mtoto wa kwanza, na mpira ule ulipofunguka. Anasema hana hakika ipi iwe ya kwanza.

Kilichomfunga mkojo ni tezi dume. Kila mwanamume anayo. Iko chini ya kibofu, nayo imeuzunguka mrija wa mkojo kama pete inavyozunguka kidole. Mwanamume akizeeka, tezi hii mara nyingi hukua. Pete ikikaza, mkojo unapita kwa shida. Kukua huku si lazima kuwe saratani. Kwa wengi siyo. Lakini dalili za mwanzo zinaweza kufanana, na kwa hiyo daktari ndiye wa kupambanua, si wewe wala mimi wala muuza dawa wa mnadani. Yapo mambo ya kupima kwa damu, na daktari anaweza kuigusa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Hapo ndipo wazee wengi wanapokimbia. Bingwa wetu wa bao hakukimbia. Alimwambia daktari, "Fanya haraka, nawe usimsimulie mtu kwamba tumejuana hivi." Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kipimo chenyewe hakikufika hata dakika moja.

Alirudi nyumbani na mpira na mfuko, akisubiri zamu ya upasuaji. Wiki mbili alijifungia ndani. Aliona aibu kutembea na mfuko wa mkojo. Mjukuu akampatia begi dogo la kitambaa, lenye mkanda wa kuvaa begani, autie mfuko humo. Mzee akajitazama. Akatoka nalo mpaka chini ya mwembe, akawaambia wachezaji, "Simameni. Sasa na mimi ni afisa, natembea na mkoba." Tangu siku hiyo wakamwita Afisa, na kila akipita humwuliza kama ofisini kuna barua mpya. Nilipofika na pikipiki yangu na mkoba wangu wa vitabu, alinikaribisha kama mfanyakazi mwenzake.

Kama nyumbani kwako yuko mwenye mpira kama huo, yapo mambo ya kushika. Mfuko ukae chini kuliko kibofu wakati wote, hata mgonjwa akilala, ili mkojo usirudi. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kuushika na baada ya kuushika. Mwage mkojo kabla mfuko haujajaa pomoni. Mpira usivutwe. Tarehe ya kubadilishwa iliyoandikwa kwenye kadi ifuatwe. Mgonjwa akipata homa na kutetemeka, au mpira ukiacha kutoa mkojo, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Mzee alipasuliwa, akapona. Mkoba ameuacha. Anasema amestaafu uafisa bila kiinua mgongo.

Hapa katikati nikueleze jambo lililoniudhi. Siku moja nilikuwa nimekaa na mzee huyu tukingoja, katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Karani akatoka mlangoni akaita kwa sauti kubwa, "Yule mzee wa mkojo yuko wapi?" Watu wa benchi zote wakacheka. Mzee wangu, ambaye hucheka na kila mtu, hakucheka. Alitazama viatu vyake. Karani alidhani ametania. Hakutania. Mtani ni mtu unayeweza kumjibu. Mzee yule angemjibu nini karani, wakati faili lake liko mkononi mwa karani huyo? Kumcheka mtu aliyefungwa mdomo ni dharau, hata kama wasikilizaji watafurahi. Nilikwenda nikamwambia karani hivyo, kwa sauti ya chini, na nadhani hakunipenda.

Mwanakisomo mmoja aliniuliza kama kicheko chenyewe kinaweza kuwa ugonjwa. Nilimwambia kwamba kimewahi kuwa. Ng'ambo ya Ziwa letu, upande wa Bukoba, iko Kashasha. Mwezi Januari 1962 wasichana wa shule ya bweni ya pale walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kicheko kikapita kwa mmoja mpaka mwingine, na machozi ndani yake, hata shule ikafungwa mwezi Machi. Wataalamu waliochunguza hawakukuta mdudu wala sumu. Walisema ni wasiwasi wa moyo uliotafuta mlango wa kutokea. Wasichana wale hawakuwa na furaha. Kwa hiyo si kila anayecheka hospitalini ni mzima wa moyo. Mwangalie macho.

Sasa nije kwa bibi yangu, mzaa mama.

Bibi hajui mwaka wake wa kuzaliwa. Anachojua ni kwamba Uhuru ulipokuja mwaka 1961 alikuwa tayari anateka maji kwa chungu kidogo. Anaishi katika kijiji kimoja cha Butiama, na nyumba yake haikosi udaga wala dagaa. Miaka mitatu iliyopita alianza kumimina chai nje ya kikombe. Akasema vikombe vya siku hizi vina midomo midogo. Kisha siku moja, akirudi shambani jioni, aliamkia kisiki akidhani ni jirani. "Hakuitikia," alitusimulia, "nikasema huyu leo ana kiburi, nikampita." Tulicheka. Yeye mwenyewe alicheka kuliko sisi. Lakini siku ya pili nilimwona akipapasa mafiga kutafuta sufuria, na kwenye mkono wake wa kulia lilikuwako jeraha la moto lililoanza kukauka. Hilo hakutusimulia.

Mama yangu alimsihi aende hospitali Musoma. Alikataa miaka miwili. Wakati ule ule kitukuu chake cha kwanza kilizaliwa, binti wa dada yangu. Bibi akimbeba alikuwa akimpapasa uso kwa vidole, pua, midomo, masikio, kama mtu anayesoma kitu gizani.

Hakutaka kusema sababu ya kukataa. Nami, kwa kuwa ni mume wake, nilimfuata jikoni nikamwambia, "Mke wangu, kama hutaki kutibiwa, mimi ninaoa mwingine anayeona."

Akajibu bila kugeuka, "Oa. Lakini huyo atakuona ulivyo, naye atakukimbia. Mimi nimekuvumilia kwa sababu sioni."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Kisha, kwa kuwa mlango umefunguka, akasema kwa sauti ndogo, "Wanalitoa jicho. Wanaliweka mezani, wanalisugua, wanalirudisha. Na kama likianguka?"

Ndugu msomaji, hofu hii nimeikuta Bunda, Musoma na Butiama. Huenda na wewe umeisikia. Jicho halitolewi hata kidogo. Hebu nikueleze kama nilivyomweleza Bibi. Ndani ya jicho, nyuma ya ile duara nyeusi, iko lenzi ndogo iliyo safi kama chemni ya taa iliyooshwa. Mwanga hupita hapo. Kwa uzee lenzi hupata ukungu, kama chemni iliyoshika masizi. Taa bado inawaka, lakini chumba ni giza. Ukungu huo ndio mtoto wa jicho. Hakuna dawa ya matone inayousafisha, wala majani, wala asali, wala maziwa ya mama. Ukitia vitu hivyo unaweza kuliharibu jicho lenyewe. Dawa ni kutoa chemni yenye masizi na kuweka nyingine. Daktari hutia ganzi, hupasua mahali padogo sana, huitoa ile lenzi yenye ukungu na kuweka ya bandia. Mgonjwa yu macho, anasikia watu wakisema. Kazi yenyewe mara nyingi haizidi nusu saa.

Bibi akauliza, "Ni nani aliyefikiri kutia kitu kigeni ndani ya jicho la mtu?"

Swali lake lilikuwa zuri. Katika Vita Kuu ya Pili, ndege za kivita za Uingereza zilikuwa na dirisha la plastiki ngumu juu ya rubani. Risasi zilipopiga, vipande vya plastiki viliruka vikaingia katika macho ya marubani. Daktari mmoja wa macho, Harold Ridley, aliona kwamba jicho halikuvikasirikia vipande hivyo. Vilikaa humo kimya. Inaelezwa kwamba mwanafunzi mmoja wa udaktari, alipomwona akitoa lenzi yenye ukungu, alimwuliza kwa nini hairudishii nyingine. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, Ridley alimwekea mgonjwa lenzi ya plastiki ya namna hiyo. Madaktari wenzake wengi walimpinga kwa miaka mingi. Mwishoni naye alizeeka, akapata mtoto wa jicho, akatiwa lenzi za bandia macho yote mawili katika hospitali hiyo hiyo. Nadhani hakuna mtu aliyelala juu ya kitanda cha daktari akiwa na haki zaidi ya kusema "mimi nilisema".

Nilipotaja St Thomas', Bibi aliinua kichwa. Jina hilo analijua. Watu wa Butiama wa umri wake wanalijua wote, kwa sababu ndiko alikofia Mwalimu Nyerere tarehe 14 Oktoba 1999, kwa saratani ya damu, kabla ya kuletwa nyumbani kuzikwa. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi jicho langu litatoka alikotokea Mwalimu mara ya mwisho. Haya, twende."

Tulishuka mpaka Makutano, tukapanda gari la Musoma. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana haki ya kutibiwa bila malipo kwa Sera ya Afya ya mwaka 2007, na nilikwisha kumwombea Bibi barua ya kijiji. Beba barua hiyo mapema, msomaji. Kuitafuta siku ya safari ni kazi mbaya.

Lakini siku hiyo jicho halikuguswa. Mwuguzi alimpima presha, akapima tena, akatikisa kichwa. Ilikuwa juu sana. Bibi akamwambia, "Mwanangu, umenifunga mkono kama kuni, halafu unashangaa damu imekasirika." Mwuguzi akacheka, akamkalisha robo saa bila kusema, akapima mara ya tatu. Bado juu. Tukarudishwa na vidonge.

Presha ni nguvu ya damu inapopiga kuta za mishipa. Husomwa kwa namba mbili: ya juu wakati moyo unasukuma, ya chini wakati moyo unapumzika. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikiendelea kuwa hivyo kila inapopimwa, ni kubwa mno. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi hauumi. Bibi alikuwa anaishi nayo bila kujua, na pengine angejua siku ya kiharusi. Kwa hiyo mtoto wa jicho ndiye aliyeifichua. Vidonge vya presha humezwa kila siku. Namba zikishuka, zimeshushwa na vidonge, kwa hiyo usiviache kwa furaha. Bibi aliambiwa pia apunguze chumvi. Hilo lilimuuma kuliko upasuaji. "Dagaa bila chumvi," alisema, "ni kumkosea dagaa." Lakini alipunguza.

Tulirudi baada ya mwezi, presha ikiwa imekubali. Daktari wa macho alikuwa kijana, pengine mdogo kwangu. Bibi akamwuliza, "Mwanangu, umekwisha kuzaa?" Akajibu kwamba ana watoto wawili. "Vizuri," akasema Bibi, "basi unajua uchungu wa kuharibu kitu cha mtu." Akaingia. Mimi nikabaki nje kwenye benchi, na nitakuambia kweli, nje ndiko kulikokuwa na mgonjwa. Yeye baadaye alinieleza kwamba chini ya kitambaa alikuwa akihesabu wajukuu wake kwa majina, na alipofika wa kumi na saba wakamwambia wamemaliza.

Alilala na jicho limefunikwa. Asubuhi mwuguzi akafungua bandeji, akamfuta taratibu. Bibi akapepesa. Akanitazama mimi niliyesimama mbele yake.

"Kumbe umezeeka hivi!" akasema. "Nami nilikuwa najiona ndimi mzee hapa."

Chumba kizima kilicheka. Kisha akaishusha mikono yake mapajani akaitazama. Aliigeuza juu na chini. Akagusa kovu la moto. Aligusa mishipa, na ngozi iliyokunjamana, na kucha. Nadhani alikuwa hajaiona vizuri kwa miaka mitatu, na katika miaka hiyo mikono ilikuwa imeendelea na uzee peke yake. Hapo hakutania. Mimi pia nilinyamaza. Mwuguzi akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nyumbani alimtaka kitukuu kabla ya kunywa maji. Alimtazama, akampapasa uso tena kwa vidole vile vile, kama anayehakikisha.

Wiki za mwanzo alitiwa matone kwa saa zilizopangwa. Alikatazwa kusugua jicho, kuinama sana, kubeba ndoo na kuni, na kukaa kwenye moshi. Tuliambiwa jicho likiuma sana, likiwa jekundu zaidi au likipunguza kuona, tusingoje tarehe ya kadi. Haikutokea. Marufuku ya kubeba ndoo ilikuwa ya wiki chache tu, lakini Bibi ameitumia mpaka leo. Wakwe zake wakimtazama, anasema, "Daktari amekataza." Nimemwambia kadi yake nimeisoma. Amenijibu kwamba mume mwema hasomi barua za mkewe.

Kadi zenyewe sasa tunazisoma darasani. Nimewaomba wanakisomo walete kadi za kliniki na bahasha za dawa, maana hivyo ndivyo vitabu wanavyovishika kila wiki. Tulianza na maandishi ya kwenye bahasha: 1×3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Kisha nikaandika ubaoni 2×1 na 1×2. Mzee mmoja akainua mkono, akasema, "Mwalimu, umetufundisha wewe mwenyewe kwamba mbili mara moja na moja mara mbili ni sawasawa." Darasa likacheka, naye alikuwa na haki. Katika hesabu ni sawa. Katika dawa, 2×1 ni kumeza viwili kwa pamoja mara moja kwa siku, na 1×2 ni kumeza kimoja asubuhi na kimoja jioni. Tulikaa juu ya jambo hilo saa nzima. Ilionekana watu watatu walikuwa wakimeza vidonge vyao kwa hesabu ya darasani.

Jicho la pili la Bibi bado. Kadi yake imeandikwa tarehe ya kurudi, na safari hii ameisoma mwenyewe, herufi kubwa, polepole. Mama anataka aende. Bibi anasema anafikiri. Anasema jicho moja linatosha kututazama, na la pili alikuwa analitunza kwa ajili ya mambo yetu ambayo ni afadhali asiyaone.

Barua ya kijiji nimekwisha kuiomba.